Fezi ya Tatu

Mashine ilishushwa Pasua kwa winchi ya kukodi,
tani moja na nusu ya chuma cha kijani.
Niliinunua mnadani, kiwanda kilipofungwa.
Wanaume sita waliisukuma juu ya mabomba
hadi kwenye banda lililokuwa la kuku.
Manyoya yalikuwa bado yamenasa kwenye mirunda.

Kisha nikafuta grisi, nikasoma kibati ubavuni:
volti mia tatu themanini, fezi tatu.
Nikageuka kuutazama ukuta:
soketi moja yenye ufa,
ya kuchajia simu na kupigia pasi sare za shule.
Nimemwalika bwana harusi na ukoo wake wote,
na jikoni kuna yai.

Ofisini waliniandikia hesabu.
Nguzo mbili, waya, mita mpya, fomu ya kuombea fomu.
Karatasi ilikuwa nzito kuliko mashine.
Nikaikunja mara nne
nikaiwekea mguu wa meza uliopungua.

Ndipo nikamfuata Anaeli Kirita,
msuka mota za vinu vya kahawa
tangu enzi za vidole vyake kumi.
Sasa ni vinane, na hilo haliulizwi.

Alikuja na mota kuukuu kwenye toroli,
shingoni imeviringishwa kamba.
"Hii haitafanya kazi," akasema.
Basi umeileta ya nini, mzee?
"Haitafanya kazi. Itazunguka tu.
Umeme wa nyumbani una waya wa kwenda na wa kurudi.
Huyu akishazunguka, anakuzalia wa tatu."

Soketi hakuitazama mara mbili.
"Ile ni ya pasi. Ukiilazimisha utalala nje na watoto,
unaota moto wa nyumba yako."
Alivuta waya mnene kutoka swichi kubwa,
akapigilia fimbo ya shaba kwenye migomba,
akaimwagia ndoo nzima ya maji:
ardhi kwanza, mengine baadaye.
Kisha akafungua kisanduku cha mashine,
nyaya sita,
akavunja nyota, akaunga pembetatu.
Ndivyo mafundi wanavyosema.
Mimi niliyeshika tochi
nilidhani anazungumzia mbingu.

Akavuta kamba. Mota ikakohoa.
Akavuta tena.
Mara ya tatu ikashika mbio, akapaza sauti: "Washa!"
Nikawasha.
Taa zikafumba jicho.
Kwa jirani, Mama Ndeshi, msoma taarifa alimezwa
katikati ya jina la waziri,
kisha akatapikwa, akaendelea.
Banda likajaa mvumo wa mzinga uliochokozwa.

Nikaibana swichi ya kijani kwa kidole gumba.
Mashine ikajifikiria.
Ikazunguka.

Chuma cha kwanza nilichokichonga
kilitoa unyoya mrefu wa buluu, unaofuka moshi,
ukaangukia yale manyoya mengine.

Sijasema kuwa ni rahisi.
Uniti zinakwenda kama chumvi kwenye mvua.
Usiku mita inalia pii, pii,
naamka nikidhani kuku wamerudi.
Siwezi kuchonga na kuchemsha maji kwa pamoja;
mteja wa bushi akija saa ya chai, anasubiri chai.

Lakini asubuhi nikivuta ile kamba
naikumbuka fomu ya shule, mstari wa nne,
mwalimu ameuliza, kalamu inangoja:
*Kazi ya mama?*
Nami, mtoto wa darasa la tatu, nikaandika: *hana*.
Alikuwa ametoka nyumbani saa kumi usiku
na ndizi za watu kichwani, kwenda Kiboriloni,
akarudi, akachota, akafua, akazunguka,
nasi watatu tukasoma.

Jioni nazima yote kwa mkupuo.
Mashine kubwa inasimama papo hapo, kama mwenye cheo.
Ile mota ya pembeni, isiyofanya kazi,
inaendelea, inaendelea gizani,
ndiyo ya mwisho kunyamaza.